Hamia kabla ya lipu

Pita jioni katika mtaa wowote mpya pembezoni mwa Dar es Salaam, Tanga au Morogoro, utakuta jambo ambalo tumelizoea mpaka hatulioni tena. Nyumba haijapigwa lipu. Madirisha mawili yana grili na vioo, mengine yamezibwa kwa mabati na vipande vya mbao. Ndani hakuna siling bodi, ukiinua macho unaziona kenchi na bati tupu. Nondo zimechomoza juu ya nguzo za kibaraza zikisubiri fedha. Lakini uani kuna kamba ya nguo, jiko la mkaa linafuka, na mtoto amekaa kizingitini anafanya kazi ya shule. Watu wameshahamia. Kodi ya miezi sita waliyokuwa wakimpelekea mwenye nyumba sasa inanunua saruji. Mwakani watapiga lipu. Mwaka utakaofuata, Mungu akijalia, wataweka marumaru.

Hakuna anayewacheka. Mgeni akifika anavutiwa kiti, anaambiwa, "Karibu, ndiyo tunaendelea hivyohivyo," naye hujibu, "Hongereni, mmetoka kwenye kupanga." Wengi tunaosoma ukurasa huu tumekulia katika nyumba za namna hiyo. Tumelala chini ya bati, tumeisikia kila mvua, na hatukuwahi kufikiri kwamba baba na mama walifanya jambo la aibu.

Basi nikuulize, ndugu msomaji. Kwa nini mtu huyohuyo, aliyethubutu kuhamishia familia yake kwenye nyumba isiyo na siling bodi, anaficha daftari la hadithi kabatini mwaka wa saba sasa akisema bado halijakaa sawa? Kwa nini kijana arekodi vipindi sita vya sauti asimsikilizishe mtu hata kimoja? Hekima ya ujenzi tunayo. Tumeshindwa kuihamishia kwenye kazi za akili na mikono yetu. Ushauri wangu wote unatoka hapo, nami nitauanza kwa hasara yangu mwenyewe.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa mashua katika kijiji cha wavuvi kusini mwa mji wa Tanga. Hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini kichwani alikuwa na lugha nzima ambayo wanawe, waliokwenda mjini kuendesha bodaboda, hawakuihitaji tena. Mkuku, mataruma, foromali, omo, tezi. Majina ya pepo. Tofauti ya bamvua na maji mafu, na uvuvi upi unafaa wakati upi. Mwaka 2016 nilinunua kauntabuku la kwaya mbili nikaanza kuandika. Kila likizo nilikaa naye chini ya mkungu, yeye anatia kalafati, mimi naandika.

Kufikia mwisho wa 2018 nilikuwa na maneno 300 na ushei, yote na maelezo yake. Hapo kazi ilikuwa imeshapauliwa, kwa lugha ya mafundi wa nyumba. Ningeweza kuitoa. Sikuitoa. Kwanza nilitaka michoro, na mchoraji niliyempata hakuniridhisha. Kisha nikataka asili ya kila neno, lipi limetoka kwenye Kiarabu, lipi kwenye Kihindi, lipi kwenye Kireno. Kisha nikataka kulinganisha maneno ya Tanga na ya Lamu na Kilwa. Kila nilichokitaka kilikuwa kizuri chenyewe, na hilo ndilo lililonifunga, kwa kuwa sikuwahi kujiona mvivu. Nilikuwa nafanya kazi kila wiki. Mjomba naye kila nikifika ananiuliza, "Mjomba, kile kitabu chetu kimefika wapi?" Nami namjibu, "Bado kidogo, mjomba."

Alifariki Machi 2021. Hakuona ukurasa hata mmoja.

Watu huizungumzia tabia ya kutaka ukamilifu kana kwamba ni sifa njema iliyozidi kipimo kidogo, kama sukari kwenye chai. Mtu anaulizwa kasoro yake ni ipi, anasema kwa fahari, "Mimi sipendi kazi ya kulipua." Sikubaliani na heshima hiyo. "Bado kidogo" ina gharama, na mara nyingi anayeilipa si wewe. Mimi nilimnyima mtu mmoja ambaye kitabu kile kilikuwa chake kuliko kilivyokuwa changu. Na nilifunga mdomo wa mtu aliyeweza kuliko wote kuniambia nilipokosea.

Miezi miwili baada ya arobaini yake nilikwenda kwenye duka la fotokopi nikiwa na kurasa 24 zilizochapwa kwa kompyuta. Hazikuwa na michoro wala asili ya maneno. Nilitoa nakala 40, nikazibana pini, na kwa jumla sikufikisha shilingi 100,000. Jalada lilikuwa karatasi ya manila. Juu yake niliandika jina la mjomba kwanza, langu chini, na maneno haya: toleo la kwanza, lina makosa, ukiyaona nipigie. Kisha namba yangu ya simu.

Nakala 12 nilizipeleka mnadani, pale wavuvi wanaposhusha samaki asubuhi. Nilitetemeka kweli. Nilidhani watasema huyu mtu wa ofisini anatufundisha bahari. Baada ya wiki tatu nilikuwa na masahihisho 31. Nahodha mmoja alinionyesha kwamba demani nimeieleza kama majira tu, nikasahau kwamba ni kamba ya tanga vilevile, na upande wa chombo pia. Mzee mwingine alikasirishwa na maelezo yangu ya kutega dema, akanishika mkono tukaenda hadi ufukweni, akalichukua dema lake mwenyewe akanionyesha mlango wake na mahali pa kuweka mawe. Masahihisho yale nisingeyapata mezani kwangu hata ningekaa miaka 20. Sikuwa na namna ya kuyajua, kwa sababu kosa usilolijua halionekani kwa kulikodolea macho.

Na jambo linaloniuma zaidi ni kwamba jawabu nilikuwa nimeliandika mwenyewe kwenye kauntabuku, kwa maneno ya mjomba, mwaka wa kwanza kabisa. Alinieleza kwamba chombo kipya kikishushwa majini huvuja. Hata kama fundi ni hodari namna gani, kitavuja. Mbao hunywa maji, huvimba, hubanana, na maungio hujifunga yenyewe. Siku za mwanzo watu hukaa na ndoo wakifua maji, na hakuna anayemlaumu fundi. Lakini chombo kikiachwa juu ya magogo kisubiri kisivuje, jua huzidi kukausha mbao na maungio huzidi kuachana. Kadiri kinavyosubiri nchi kavu ndivyo kitakavyovuja zaidi. Niliandika hayo kwa kalamu yangu nikageuza ukurasa.

Sasa nije kwenye kinachotuzuia. Mwaka 1991 wanasaikolojia wawili wa Canada, Paul Hewitt na Gordon Flett, waliigawa tabia ya kutaka ukamilifu katika mafungu matatu. Kuna anayejidai mwenyewe ukamilifu, kuna anayewadai wengine, na kuna anayeamini kwamba watu wengine wanamdai yeye. Wataalamu wengine wawili, Thomas Curran na Andrew Hill wa Uingereza, baadaye walikusanya majibu ya wanafunzi wa vyuo zaidi ya 41,000 wa Marekani, Canada na Uingereza, ya tangu 1989 hadi 2016. Mafungu yote matatu yalikuwa yamepanda, na lililopanda kuliko yote ni hilo la tatu. Utafiti ule haukutuhusu sisi, lakini nilipousoma nilimtambua mtu ninayemjua. Fungu la tatu sisi tuna jina lake la siku nyingi: watu watasemaje.

Nina maoni kuhusu watu hao. Nimewatafuta. Nilipokuwa naogopa kutoa kijitabu, kichwani mwangu kulikuwa na baraza la waheshimiwa wasio na sura, wamekaa wananisubiri nikosee. Nilipowaita kwa majina yao nikapata wanne: mwalimu wangu mmoja wa sekondari, mfanyakazi mwenzangu wa zamani, binamu yangu anayeishi nje ya nchi, na mtu niliyewahi kubishana naye harusini. Watatu kati yao hata leo hawajui kwamba kijitabu kipo. Nakushauri ufanye hivyohivyo. Chukua karatasi, andika majina ya watu unaowaogopa, majina kamili. "Watu" ni neno kubwa mno kuliko idadi yao.

Baada ya hapo anza kazi yenyewe. Kwanza, rudi kwenye ile nyumba ya pembezoni mwa mji na ujiulize: mwenye nyumba alihakikisha nini kabla ya kubeba vitanda? Si kila kitu, lakini pia hakuhamia ovyo. Alihakikisha paa, mlango na choo. Bila vitatu hivyo hahamii mtu. Vingine vyote vinasubiri.

Paa la kazi yako ni kile ambacho kikikosekana kazi si kazi tena. Kwa kijitabu changu lilikuwa neno na maana yake iliyo sahihi kwa kadiri ya nilivyoambiwa. Kwa mkusanyiko wa hadithi ni hadithi moja iliyoanza na ikaisha. Kwa kipindi cha sauti ni sauti inayosikika bila msikilizaji kukaza masikio. Mlango ni namna mtu atakavyoingia na kukufikia: inapatikana wapi, kwa bei gani, namba ipi. Nimeona watu wanatoa kazi nzuri isiyo na mlango, kisha wanalalamika kwamba hakuna aliyekuja. Choo, mnisamehe kwa mfano huu lakini wajenzi wananielewa, ni heshima na usalama wa anayeingia. Umeomba ruhusa kwa uliowarekodi? Umebadilisha majina ya majirani kwenye hadithi yako? Kuna mtu atakayedhurika?

Andika vitatu hivyo kwenye karatasi moja, mistari michache tu. Kilichobaki nje ya karatasi hiyo ni lipu. Nembo ni lipu. Jalada la rangi ni lipu. Maikrofoni ya bei mbaya ni lipu, na hapa niseme wazi kwamba wahenga walipotuambia mchagua jembe si mkulima hawakuwa wanatania. Nimewaona vijana wenye taa ya duara, kinasa sauti na kiti cha kuzunguka, na hawajawahi kurekodi salamu.

Kuhusu choo sitakuwa mlegevu. Ziko kazi ambazo hazitolewi mbichi. Fundi umeme hajaribii nyaya ndani ya nyumba ya mtu. Anayechanganya dawa hana toleo la kwanza lenye makosa. Achari ya kuuza madukani ina taratibu zake za Shirika la Viwango (TBS), nazo zipo kwa sababu tumbo ni la mlaji. Aliyeshika fedha za kikundi hana ruhusa ya kujifunzia hesabu kwenye akiba za wenzake. Haraka haraka haina baraka inatawala hapo, na inatawala kwa haki. Kipimo changu ni kimoja: kosa likitokea, nani atalilipa? Likilipwa na aibu yangu, natoa. Likilipwa na mwili au mfuko wa mtu mwingine, nasubiri mpaka nina hakika. Tatizo ni kwamba tunachukua uangalifu unaostahili dawa tunaupeleka kwenye shairi.

Pili, weka tarehe, na iwe mikononi mwa mtu mwingine. Sijaona mahali tunapoelewa nguvu ya tarehe kama kwenye harusi. Kamati ikishatangaza Jumamosi fulani na kadi zikatoka, basi. Michango haijatimia, mapambo hayajafika, mpishi ana udhuru, na siku ikifika watu wanaoana. Sijawahi kusikia ndoa iliyoahirishwa kwa sababu viti havikufanana. Mradi wako unahitaji kadi za namna hiyo. Tarehe uliyojiwekea wewe mwenyewe kwenye simu haitoshi, utaisogeza usiku mmoja ukiwa umechoka na hakuna atakayejua. Mimi nililipa nusu ya gharama za fotokopi kabla sijamaliza kuchapa, nikamwambia kijana wa duka anipigie Alhamisi. Alinipigia saa 2 asubuhi.

Tatu, na hapa wengi hukosea, punguza ukubwa. Anayetaka ukamilifu akiambiwa atoe kazi mapema husikia kwamba anaambiwa atoe kazi mbovu, naye kwa haki yake anakataa. Sisemi hivyo. Jirani yangu, kijana wa miaka 26, alitaka kutengeneza vipindi vya sauti juu ya historia ya Coastal Union, timu ya mji wetu wa Tanga iliyochukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988. Mpango wake ulianzia kuanzishwa kwa klabu na kuja hadi leo, msimu kwa msimu. Alirekodi sita, akafuta viwili, vinne akavificha, akaniambia hawezi kuvitoa mpaka apate takwimu za kila mechi. Nilimuuliza, je, kwa msimu ule wa 1988 peke yake, una mtu aliyekuwepo uwanjani? Akasema anaye, shabiki mmoja mzee wa mtaa wa pili. Basi, nikamwambia, hicho ndicho kipindi chako cha kwanza: mzee mmoja, mechi moja, dakika 15.

Alirekodi kwa simu yake, chumbani, amesimamisha godoro ukutani ili mwangwi usiingie. Mara mbili unasikika muadhini kwa mbali. Alikisambaza Ijumaa jioni kwa watu tisa, nao wakakisambaza. Jumapili mzee mwingine asiyemjua alimtafuta kupitia msikiti wa mtaa, akiwa na picha za karatasi ndani ya bahasha ya kaki. Zile takwimu alizokuwa akizisubiri bado hajazipata zote. Sasa anatafutiwa na watu wengine.

Kutoa mapema kuna faida nyingine ambayo mwenye kazi hawezi kuiona akiwa peke yake: watu humwonyesha kazi yake ni ya nini. Mfano mkubwa tunao mifukoni mwetu. Oktoba 2005 Safaricom na Vodafone walianza majaribio ya M-Pesa nchini Kenya kwa wateja wasiofika 500, wakishirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Mpango ulikuwa kwamba wakopaji wapokee mikopo na kulipa marejesho kwa simu. Wateja wakaanza kufanya yao. Walitumiana fedha wao kwa wao, wakanunuliana muda wa maongezi, wakalipana katika biashara. Waendeshaji waliangalia matumizi hayo, na huduma ilipozinduliwa kwa umma Machi 2007 ilikuja kama njia ya kutuma fedha nyumbani. Wangekaa ofisini mpaka mfumo wa marejesho ukamilike kabisa, wangekamilisha kitu kingine. Kijitabu changu mimi nilidhani ni cha watafiti wa lugha. Waliorudi kuomba nakala ni walimu wawili wa shule ya msingi na vijana wanaoendesha boti za wageni.

Lakini masahihisho hayaji yenyewe, hasa kwetu. Sisi ni watu wa adabu. Ukimpa mtu kazi yako ukamuuliza, "Umeionaje?" atakujibu, "Nzuri sana, hongera," hata kama hakufika ukurasa wa tatu. Hakudanganyi, anakuheshimu. Kwa hiyo muulize swali ambalo adabu inamruhusu kulijibu. Uliishia ukurasa wa ngapi ulipoiweka chini mara ya kwanza? Ni sehemu ipi uliiruka? Ni neno gani ulimuuliza mtu mwingine? Ukimsimulia mkeo, utamwambia inahusu nini? Maswali ya hivi hayamlazimishi kukuhukumu, yanamwomba kumbukumbu tu, na ndani ya kumbukumbu zake utakuta hukumu yote unayoihitaji. Waulize watu saba au wanane, si zaidi, na wawe wale wanaokitumia kitu hicho kweli. Kundi la WhatsApp la ukoo liache kwanza. Huko utapata maua na mikono ya kupiga makofi, na utalala ukiwa na furaha lakini hujajifunza kitu.

Masahihisho yakija, usikimbilie kurekebisha kila moja usiku huohuo. Nilifanya kosa hilo wiki ya kwanza, nikajikuta ninaandika upya maana ya neno moja mara tatu kwa sababu wavuvi watatu walinipa kauli tatu. Baadaye nilipata daftari dogo, ukurasa wa kushoto nikaandika kosa na nani kalisema, ukurasa wa kulia nikauacha mtupu. Mara moja kwa wiki nakaa nalo. Kosa lililotajwa na watu wawili wasiojuana narekebisha. Lililotajwa na mmoja nakwenda kuuliza. Mengine yanabaki hapo, na hayaniui.

Kuna waliokuja kabla yetu waliofanya hivi bila kuona haya. Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963, akiwa rais, kwa jina la Julius Caezar. Miaka sita baadaye, 1969, akaitoa upya ikiwa imerekebishwa, na hata jina akalibadilisha likawa Juliasi Kaizari. Fikiri jambo hilo. Mkuu wa nchi, ambaye angeweza kusema kazi yake haihitaji kuguswa, alirudi kwenye maandishi yaliyokwisha kusomwa akaanzia kusahihisha kwenye jalada. Kamusi ya Kiswahili Sanifu nayo, ambayo walimu wetu waliitumia kutusahihishia insha, ilitoka mwaka 1981, ikarudi 2004, ikarudi tena 2013. Walioiandaa walijua kwamba lugha haitasimama iwasubiri.

Upande wa pili nao upo. Mwaka 2000 ulianzishwa mradi wa kamusi elezo ya bure kwenye intaneti ulioitwa Nupedia. Kila makala ilipaswa kuandikwa na mtaalamu na kupita hatua saba za uhakiki. Nia ilikuwa safi. Mradi ulipofungwa 2003 ulikuwa umekamilisha makala zipatazo dazeni mbili. Wikipedia, iliyoanzishwa Januari 2001 na watu walewale kama kisaidizi tu, mahali pa kuweka rasimu, ilimaliza mwaka wake wa kwanza ikiwa na makala zinazokaribia 20,000, nyingi zikiwa fupi na zenye kasoro. Leo ipo hata ya Kiswahili. Mimi mwenye kauntabuku la maneno ya bahari nilikuwa nimejijengea Nupedia ya mtu mmoja.

Kuna usiku wa kuamkia siku yenyewe, nao lazima niuseme kwa sababu hapo ndipo watu wengi hurudi nyuma. Utaisoma kazi yako mara ya mwisho na kila sentensi utaiona mbovu. Utaona kosa ukurasa wa kwanza. Utajishawishi kwamba wiki moja tu ya ziada itaiokoa. Usiku huo macho yako hayafai kuhukumu, yamechoka na yameogopa. Funga kompyuta. Kama kosa linagusa paa, mlango au choo, lirekebishe asubuhi na mapema. Kama ni lipu, andika kwenye lile daftari dogo, ukurasa wa kushoto, na liwe kosa namba 1 la toleo la pili. Kisha kalale. Mimi sikulala vizuri, lakini niliamka nikaenda.

Na ukishatoa, panga tarehe ya toleo la pili wiki hiyohiyo. Hili watu hulisahau, na wasipolifanya basi wale wanaosema kazi ya mapema ni kazi ya kulipua watakuwa wamesema kweli. Aliyehamia kabla ya lipu na akakaa miaka 15 bila kupiga lipu hakujenga, amekata tamaa. Ruhusa ya kuanza na kasoro inakuja na deni la kuzirudia.

Nakuomba basi, wewe mwenye kitu kabatini, usisubiri likizo wala mwaka mpya. Leo usiku kitoe ukiangalie, andika paa lake, mlango wake na choo chake, halafu kabla ya kulala mtumie ujumbe mtu mmoja umwambie tarehe. Kama kazi yako inamhusu mzee yeyote aliye hai, mpelekee yeye kwanza, hata ikiwa karatasi tatu za mkono.

Toleo la pili la kijitabu chetu lilitoka 2022 likiwa na kurasa 36, na la tatu liko kwa mchapaji. Kuna maneno 11 ambayo mjomba alinitajia nami nikayaandika bila maelezo, nikidhani nitamuuliza nikirudi. Wasomaji wameshajaza tisa. Mawili hakuna aliyeyajua mpaka sasa, na katika toleo la tatu nimeyachapa hivyohivyo, neno na nafasi tupu mbele yake.